Mtoto kama Shahidi wa Maumivu Yake

Masomo ya uzamili katika afya ya akili ya watoto na vijana balehe yamejengwa juu ya swali ambalo mitaala hulipitia haraka: neno la mtoto kuhusu nafsi yake lina uzito gani? Daktari wa mifupa anaweza kumpiga mtoto eksirei akauona mguu uliovunjika hata mtoto akinyamaza. Anayeshughulikia huzuni, hofu au mawazo ya kujiua hana picha ya namna hiyo. Ana neno la mtoto, neno la mzazi, neno la mwalimu, na yale anayoyaona mwenyewe. Maneno hayo yanapogongana, hana budi kuamua amwamini nani. Hakuna kipimo cha maabara kitakachomwamulia. Uamuzi wake unategemea jinsi anavyomwelewa mtoto: je, ni mtu kamili, au ni mtu ambaye bado hajawa mtu?

Kaunti ya Kajiado inalileta swali hili kwa ukali, kwa sababu ndani yake watoto wanaishi chini ya tafsiri nyingi za mateso kwa wakati mmoja. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,117,840 katika kaunti hiyo, na kati yao 154,436 walikuwa Kitengela. Mji huo, ulio takriban kilomita 30 kusini mwa Nairobi kwenye barabara ya Namanga, ulikuwa uwanda wa malisho ya Wamaasai. Ranchi ya kikundi ilipogawanywa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, ardhi ilikatwa ploti na kuuzwa, na viwanda vya saruji pamoja na eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje (EPZ) la Athi River vikavuta wafanyakazi kutoka kila upande wa nchi. Mtoto wa Kitengela hulelewa katika nyumba ya kupanga, akizungumza Sheng na wenzake na lugha nyingine na nyanya yake akienda ushago. Kusini zaidi, upande wa Matapato au Loitokitok, mwenzake anaweza kuwa mchungaji wa mbuzi aliyeshuhudia ukame wa kati ya 2020 na 2023 ukimaliza mifugo ya babake. Mmoja akiacha kula na kulala, mamake atampeleka kwa mchungaji wa kanisa. Mwingine atapelekwa kwa wazee. Mtoto mwingine tena atafikishwa hospitalini. Katika njia zote tatu, kwa kawaida mtu mzima ndiye anayesimulia.

Falsafa ya Kiafrika imelijadili jambo hili kwa undani. John Mbiti, kasisi wa Kianglikana aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, alieleza katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha 1969 kwamba mtu huwa mtu kwa kuwa sehemu ya watu wengine: waliokufa, walio hai na watakaozaliwa. Mwaka 1984 Ifeanyi Menkiti wa Nigeria aliisukuma hoja hiyo mbele. Kwake, utu hupatikana hatua kwa hatua, kwa kuingizwa katika jamii na kutimiza wajibu wake, hata mtu anaweza kushindwa kuupata. Alitoa mfano wa mazishi: kifo cha mtoto mchanga hakifanyiwi matanga marefu kama cha mzee. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga. Jamii humlea mtu na kumpa lugha na maadili, alisema, lakini haiwi chanzo cha utu wake. Uwezo wa kufikiri na kuchagua ni wa mtu tangu mwanzo, hata kabla haujakomaa.

Mjadala huo una matokeo ya moja kwa moja katika chumba cha mahojiano. Anayemfuata Menkiti bila tahadhari atalipa neno la mtoto wa miaka tisa uzito mdogo, kwa kuwa msemaji hajafika ngazi ya kusema. Anayemfuata Gyekye atamsikiliza mtoto huyo kama mtu mwenye jambo la kueleza, ingawa msamiati wake ni haba. Hata hivyo Menkiti ana funzo ambalo tiba ya kisasa hulikosa. Ikiwa utu ni safari ya kuingia katika jamii, basi kufungiwa njia ya safari hiyo ni jeraha halisi, na kijana anayelia kwa sababu wenzake wa rika wamemwacha nyuma hawezi kueleweka kwa kuhesabu dalili zake peke yake.

Umaasai unalionyesha hili wazi. Wavulana hupita enkipaata kabla ya jando, kisha umorani unaofungwa na eunoto, na baadaye olng'esherr inayowaingiza katika uzee. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka sherehe hizo tatu katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mwanaanthropolojia Paul Spencer, katika utafiti wake juu ya Wamaasai wa Matapato uliochapishwa 1988, alieleza jinsi morani anavyoshikwa na mtetemeko wa mwili katika nyakati za sherehe na hisia kali. Wenzake morani humshika na kumtuliza. Hakuna anayemwita mgonjwa. Mwanafunzi wa uzamili aliyesoma vitabu vya kliniki tu angeweza kuandika kifafa au mshtuko wa akili pale ambapo jamii inaona ujana unaojieleza kwa lugha iliyokubalika.

Lakini jamii hiyohiyo inayompa mvulana lugha ya kutetemeka inaweza kumnyima msichana lugha ya kukataa. Ukeketaji ulipigwa marufuku nchini Kenya kwa sheria ya 2011, na shule ya msingi ya wasichana ya AIC mjini Kajiado imejulikana kwa miaka mingi kwa kuwapokea wasichana wanaokimbia ndoa za mapema. Msichana anayefika hapo usiku amelipinga neno la baba, la wazee, na pengine la mama. Akisema ana hofu, hofu yake ni utambuzi sahihi wa hatari iliyo mbele yake. Kuiita ugonjwa wa wasiwasi ni kumnyang'anya ushahidi wake kwa mara ya pili.

Dini nazo zina urithi wa pande mbili. Katika Injili ya Marko, sura ya tisa, baba anamleta mwanawe anayeanguka chini na kutoka povu, akiwa na pepo anayemfanya bubu. Yesu anauliza tangu lini hali hiyo imempata, na baba anajibu kwamba tangu utotoni. Swali hilo ndilo ambalo kila mhudumu wa afya huuliza kwanza. Lakini mtoto mwenyewe hasemi neno hata moja katika kisa kizima. Maombi mengi ya kukemea pepo hufuata mtiririko huohuo: mzazi anaeleza, mchungaji anaamuru, mtoto anashikwa. Katika fikihi ya Kiislamu, kalamu ya kuandika madhambi imeinuliwa juu ya mtoto mpaka abaleghe, sawa na ilivyoinuliwa juu ya mwenye wazimu mpaka apone. Kanuni hiyo ni rehema: hakuna kati yao anayelaumiwa kwa asiloweza kulibeba. Hatari huanza pale wasikilizaji wanapodhani kwamba asiyelaumiwa pia haaminiki. Kutowajibika mbele ya sheria na kutoweza kujua maumivu yako ni mambo mawili tofauti.

Taaluma ya tiba ya akili haina sababu ya kujiona safi mbele ya dini na mila. Hospitali ya Mathari mjini Nairobi ilifunguliwa 1910, na kuanzia 1938 iliongozwa na J. C. Carothers, daktari aliyekabidhiwa kazi hiyo bila kuwa ameisomea taaluma ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo aliilinganisha akili hiyo na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata aliandika kuhusu Mau Mau, akayageuza madai ya ardhi na uhuru kuwa tatizo la nafsi. Frantz Fanon alimshambulia katika kitabu chake cha 1961. Kosa la Carothers lilikuwa la kifalsafa kabla ya kuwa la kisayansi: aliamua mapema kwamba watu aliowachunguza hawakuwa mashahidi wa kuaminika wa hali yao, kisha akakusanya ushahidi wa kuthibitisha uamuzi huo. Mwanafalsafa Mwingereza Miranda Fricker, katika kitabu chake cha 2007, aliliweka kosa la aina hii katika nadharia: msemaji anadhulumiwa pale neno lake linapopunguziwa uzito kwa sababu ya kundi alimo. Watoto ni kundi kubwa linalodhulumiwa hivyo, na wanaowadhulumu mara nyingi ni wale wanaowapenda.

Mafunzo ya juu katika fani hii yamekua Afrika katika miongo ya karibuni. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha madaktari bingwa wa akili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Chuo Kikuu cha Ibadan kilianzisha mwaka 2011 kituo maalumu cha afya ya akili ya watoto na vijana, chenye shahada ya uzamili inayopokea wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Anayesoma fani hii hukutana mapema na matokeo ambayo yangepaswa kumsumbua. Mwaka 1987 Thomas Achenbach na wenzake walikusanya tafiti nyingi zilizolinganisha maelezo ya watu tofauti kuhusu mtoto mmoja. Watu wenye nafasi sawa kwa mtoto, kama wazazi wawili, walikubaliana kwa wastani wa 0.60 kwenye kipimo ambacho 1 ni kukubaliana kabisa. Mtoto na watu wazima wanaomzunguka walikubaliana kwa 0.22 tu. Kwa miaka mingi tofauti hiyo ilichukuliwa kuwa hitilafu ya kipimo. Ufafanuzi bora ni kwamba kila mmoja anaona kitu halisi: mzazi huona utundu, utoro na ugomvi, mtoto hujua hofu na huzuni ambazo hakuna aliyeziona. Kumwacha mmoja ni kuacha sehemu ya ukweli.

Tatizo la pili ni la mpaka. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana nchini Kenya, uliotolewa 2022 na kuhusisha vijana wa miaka 10 hadi 17 pamoja na walezi wao, ulikuta kwamba asilimia 44.3 walikuwa na tatizo la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia, lakini asilimia 12.2 ndio waliotimiza vigezo vya ugonjwa. Katikati ya tarakimu hizo mbili wamo vijana ambao wanateseka bila kuwa wagonjwa kwa mujibu wa mwongozo wa utambuzi. Mwongozo hauwezi kusema mateso hayo ni ya nani: ya kliniki, ya mwalimu, ya mchungaji, au ya serikali iliyoacha karo na njaa zimkabe mzazi. Hapo mtoto mwenyewe huwa shahidi wa lazima, kwa kuwa ndiye anayejua kama huzuni yake ina jina la mtu, la tukio, au haina jina.

Sheria imeshachagua upande. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia 1990, unampa mtoto katika kifungu cha 12 haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Katiba ya 2010 inaweka maslahi ya mtoto mbele katika kifungu cha 53. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa makosa ya jinai kutoka miaka 8 hadi 12, ikithibitisha kwamba jamii inaweza kumpunguzia mtoto lawama bila kumnyamazisha. Maadili ya utafiti yanafuata mkondo huo: mwanafunzi wa uzamili anayekusanya takwimu Kajiado huhitaji idhini ya kamati ya maadili, kibali cha tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, ridhaa ya mzazi, na kukubali kwa mtoto mwenyewe. Lakini kukubali huko hupimwa kwa nadra. Mtoto aliyelelewa kuitikia kila agizo la mkubwa atasema ndiyo kwa mgeni mwenye karatasi, kama anavyosema ndiyo kwa mwalimu.

Kumchukua mtoto kama shahidi kuna pingamizi mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba mtoto hushawishika kwa urahisi. Akiulizwa mara kwa mara kama ana huzuni, atajifunza kuwa nayo. Ni kweli, na ndiyo sababu mhojaji anafunzwa maswali yasiyobeba jibu ndani yake. Lakini watu wazima nao hushawishika, na hakuna anayependekeza waondolewe katika ushahidi. Ya pili ni kwamba kumsikiliza mtoto peke yake kunabomoa mamlaka ya mzazi na kuleta ubinafsi wa kigeni. Pingamizi hii ingesimama kama kusikiliza kungekuwa kutii. Shahidi si hakimu. Mzazi, mzee na mchungaji wanabaki na sehemu yao, na mara nyingi wao ndio wanaoweza kubadilisha mazingira yanayomuumiza mtoto.

Mifano ya kujenga ipo karibu. Katika Kaunti ya Makueni, inayopakana na Kajiado, watafiti wakiongozwa na Christine Musyimi waliwakutanisha waganga wa jadi, waombezi na wahudumu wa hospitali ili waelekezane wagonjwa. Kwa upande wa shule, taasisi ya Shamiri, iliyoanzishwa na Tom Osborn, imewafunza vijana waliotoka sekondari juzi tu kuongoza vikao vya wanafunzi kuhusu ukuaji, shukrani na maadili. Jaribio lake liliripotiwa 2021 katika jarida JAMA Psychiatry. Mifano hii miwili inapunguza umbali kwa njia tofauti: mmoja kati ya tafsiri, mwingine kati ya rika.

Kwa hiyo mtaala wa uzamili unaofaa Kajiado haujatimia kwa kufundisha dawa, vigezo na takwimu. Unahitaji kumfundisha mwanafunzi kumhoji mtoto kando na mzazi na kwa lugha ambayo mtoto huotea ndoto. Kuitenganisha hofu yenye sababu na hofu ya ugonjwa. Kuzijua tafsiri za dini na mila vya kutosha asizidharau wala asizitii zote. Na kueleza kwa maandishi, kila maelezo yanapotofautiana, ni la nani neno alilolipa uzito na kwa sababu gani. Sharti hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa linamlazimisha mtaalamu kutetea hadharani uamuzi ambao kwa kawaida hufanywa kimya, na mara nyingi hufanywa dhidi ya mtoto.