Upepo wa Lori

Wanangu wa Ngamiani hapa Tanga, nyinyi wa bodaboda na nyinyi wa baiskeli za mizigo, nawasihi mnisikilize juu ya upepo wa lori.

Barabara ya Segera haikauki malori: ya saruji kutoka Pongwe, ya mizigo ya bandarini. Lori likienda kasi huifanya hewa kama dau linavyoyafanya maji: omo husukuma pembeni, na nyuma ya tezi maji hurudi kwa kuzunguka, kujaza pengo. Ndiyo maana lori likikupita, kwanza unasukumwa ukingoni, kisha ubavu ukikufikia unavutwa kuelekea magurudumu. Mzigo wako ukiwa mpana, upepo hupata zaidi pa kushika. Na mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya upepo huzidi mara nne. Lori la kilomita 80 kwa saa si la kulinganisha na la 40.

Mnasema ukijibana nyuma ya lori pikipiki huwa nyepesi na mafuta hayaishi upesi. Ni kweli, kwa kuwa lori limekukatia upepo. Lakini kwa kilomita 80 mnakwenda mita 22 kila sekunde. Likifunga breki, mkono wako haujafika kwenye breki nafasi imekwisha. Tena shimo la mbele hulioni, na dereva hakuoni wewe.

Hatari kubwa zaidi ni kuovateki wakati wa upepo wa kusi. Ukielekea Muheza, kusi hutoka kushoto. Ubavuni mwa lori umekingwa, umetulia. Ukichomoza mbele yake, upepo wa lori na kusi vinakupiga pamoja na kukutupa kulia, kwenye njia ya gari linalokuja.

Basi shikeni haya. Kaa nyuma mbali, uvione vioo vyote viwili vya dereva. Lori likitaka kukupita, punguza mwendo, kaa kushoto, shika usukani kwa mikono miwili. Ukiovateki, acha nafasi pana ubavuni, ikikosekana, subiri. Na wa baiskeli, msidandie lori hata kwenye kilima.

Watu husema ajali haina kinga. Hii inayo, nayo ni nafasi. Mafuta mliyookoa nyuma ya lori hayalipi hata siku moja ya kulazwa hospitali. Liacheni liende zake, nanyi mfike.