Je, Kuweka Akiba ni Kukosa Imani?



Wako Wakristo wasemao kwamba mwenye imani hana haja ya kuweka akiba, kwa kuwa Bwana wetu alitukataza kuisumbukia kesho. Lakini kusumbuka ni jambo moja, na kujiandaa ni jambo jingine. Yusufu kule Misri aliweka sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba, na watu wengi wakapona.

Tutazame habari ya Kapteni Scott, Mwingereza aliyesafiri kwenda Ncha ya Kusini ya dunia, nchi ya barafu tupu. Msafiri wa huko hana budi kutangulia kuweka chakula na mafuta ya taa njiani, apate kuvikuta akirudi. Februari 1911 Scott na wenzake walikwenda kuweka akiba yao kubwa, kama tani moja. Farasi waliokokota mizigo wakadhoofika kwa baridi. Oates, mtunza farasi, alishauri waendelee mbele, na farasi watakaoshindwa wachinjwe. Scott hakutaka kuwatesa wanyama zaidi. Akaiweka akiba zaidi ya kilomita 50 kabla ya mahali palipokusudiwa.

Mwaka uliofuata, wakirudi kutoka Nchani, chakula na mafuta viliwapungukia. Oates, ambaye miguu yake ilikuwa imeharibika kwa baridi, alitoka hemani wakati wa dhoruba asirudi tena, ili asiwacheleweshe wenzake. Mwishoni mwa Machi 1912 Scott, Wilson na Bowers walikufa hemani, wakiwa wamebakiza kilomita 20 hivi kuifikia akiba ile. Zilikuwapo sababu nyingine za msiba huo. Lakini kama akiba ingaliwekwa pale palipokusudiwa, wangalikuwa wamekwisha kuifikia.

Je, Scott alitenda vibaya kuwahurumia farasi? Sithubutu kusema hivyo. Mnyama anayetetemeka mbele yako ana haki ya kuhurumiwa. Ila yule atakayepita njia hiyo mwakani, mwenye njaa, hayupo pale kujitetea. Huruma ya siku ile ililipwa kwa akiba ya wengine, na Oates, aliyetoa shauri, alikuwa mmoja wao.

Basi kosa la tajiri mpumbavu katika Injili ya Luka halikuwa ukubwa wa ghala zake. Kosa lake ni kwamba alijiwekea nafsi yake tu. Akiba ya Kikristo ni upendo kwa mtu tusiyemwona bado: mjane atakayehitaji mfuko wa parishi, watoto watakaokula mavuno ya mbegu tuliyoitunza.

Na mwenye njaa akibisha hodi leo? Tusimfukuze kwa kisingizio cha kesho. Tumpe, lakini kwanza tutoe katika sahani yetu wenyewe, kabla ya kugusa fungu la asiyekuwapo. Hapo ndipo ugumu ulipo, maana kugawa cha wengine ni rahisi kuliko kupunguza chetu.

Mungu atupe hekima ya kuwatunza wote wawili. Amina.