Shimo Lisilojazika

Mstaafu mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, alikuwa na spika mbili kubwa za njia tatu alizonunua enzi za ujana wake, na rumba ya Kongo haikukauka sebuleni mwake tangu siku hiyo. Kiinua mgongo kilipotoka, mpwa wake anayesomea uhandisi alimwendea. "Mjomba, spika zako nzima kabisa. Kinachozirudisha nyuma ni krosova ya zamani. Tuing'oe, tuweke ya dijitali."

Kijana hakuwa anadanganya. Krosova ndiyo inayogawa kazi: besi iende kwa wufa, sauti za katikati kwa spika ya kati, na zile kali kwa twita. Katika spika za zamani ni ubao wenye koili na kapasita, umefichwa ndani ya kasha, na ukitaka kubadili mgawanyo lazima uchomoe na kuchomelea upya. Ya dijitali hugawa kwa hesabu kabla sauti haijafika kwenye amplifaya, kisha kila spika hupata amplifaya yake. Mteremko wa desibeli 24 kwa oktava waliouasisi Siegfried Linkwitz na Russ Riley, wahandisi wa Hewlett-Packard, mwaka 1976, ambao kwa koili unadai vipuri vingi na pesa nyingi, hapa unachaguliwa kwa kubofya. Kwenye masafa ya mpaka kila upande unashuka desibeli 6, na pande mbili zikijumlishwa sauti inatoka sawasawa, bila tuta.

Aliyefungua makasha ni fundi redio wa mtaani. Alikubali yote ila sharti moja: kila twita ibaki na kapasita ya maikrofaradi 25 kwenye waya wake. Mpwa akasema haina kazi, programu inatosha. "Iache hivyohivyo," fundi akamjibu. "Siku kompyuta yako ikisahau, utanishukuru." Haikupita hata wiki mbili. Kisanduku cha krosova ya dijitali kina nafasi nne za kuhifadhi mipangilio, na iliyojazwa ilikuwa ya kwanza tu. Mjukuu akachezea rimoti, akabonyeza ya pili, na muziki wote, besi na ngoma zikiwemo, ukaelekezwa kwenye twita zisizo na kizuizi kingine chochote. Kwa twita ya omu 8, kapasita ile huanza kupunguza kila kilicho chini ya hezi 800 hivi. Twita zilipiga kelele, zikapona.

Kilichoumiza hasa kilianza siku ya kupima. Kijana alisimamisha maikrofoni ya vipimo mahali pa kichwa cha mjomba, akarusha mlio unaopanda kutoka hezi 20 hadi 20,000, na kwenye kioo cha laptopu ukachorwa mstari. Ulikuwa umepanda kilima karibu na hezi 35, ukatumbukia karibu na 72 kwa desibeli 12 nzima. Mzee akaliona lile shimo, na tangu hapo hakusikiliza tena wimbo. Alikuwa akisikiliza shimo.

Spika zilikuwa zimesogezwa mita 1.2 kutoka ukutani, kwa kuwa mahali fulani mzee alisoma kwamba spika nzuri hupewa nafasi ya kupumua. Besi haiendi mbele peke yake. Husambaa pande zote. Ile iliyokwenda nyuma iligonga ukuta wa tofali za saruji, ikarudi ikiwa imetembea mita 2.4 zaidi ya mwenzake. Kwa mwendo wa sauti wa mita 345 hivi kwa sekunde, hiyo ni nusu kamili ya wimbi la hezi 72. Moja inasukuma, nyingine inavuta, zinafutana. Nyumba zetu za tofali na marumaru hazina huruma hapo, kwa sababu ukuta wa saruji hurudisha karibu kila kitu.

Kijana akaongeza desibeli 12 pale penye shimo. Mstari ulipanda, lakini shimo lenyewe halikuondoka. Wala lisingeweza, maana kila unachomwongezea anayekwenda mbele, anayetoka ukutani naye anaongezewa vilevile. Ni kama kumpandishia mshahara mtu ambaye sehemu kubwa ya kila nyongeza inamezwa na makato ya mkopo. Amplifaya lakini ilikuwa inalipa bei kamili. Desibeli 12 ni nguvu mara 16: palipohitaji wati 5 sasa palidai 80, na sehemu kubwa ikaishia kufutana.

Wakashuka chini zaidi, maana mzee alitaka mstari ufike hezi 20. Kwa nini, sijui. Waya mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi ni kama hezi 41, na rumba haina mambo mengi chini ya hapo. Isitoshe makasha yale yalikuwa na tundu la hewa lililopimwa kwa hezi 40. Chini ya masafa hayo hewa ya tunduni haiishiki tena karatasi ya wufa, na ili kutoa sauti ileile karatasi hulazimika kusafiri zaidi ya mara nne kwa kila oktava unayoshuka.

Siku ya kipaimara cha mjukuu mkubwa vijana wakaweka amapiano. Wufa ya kushoto ikagonga kakakaka, koili ikipiga chuma cha nyuma, halafu ikanuka. Watu waliendelea kucheza na ya kulia.

Mke wa mzee alikuwa ameshalalamika mapema kwamba muziki mpya unachoma masikio, na hakuna aliyemsikiliza. Alikuwa na haki. Kijana alinyoosha mstari hadi juu kabisa, wakati spika nzuri ikipimwa ndani ya chumba kwa kawaida huinama taratibu kuelekea sauti kali. Floyd Toole, aliyetafiti spika katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada na baadaye Harman, ameliandikia jambo hili kwa kirefu. Mama hakuhitaji kusoma.

Fundi aliivisha wufa karatasi na koili mpya. Kisha, kabla ya kuwasha kompyuta, akasukuma makasha hadi sentimita 30 kutoka ukutani. Shimo la 72 likaondoka: kwa umbali huo kufutana kunahamia karibu na hezi 290, ambako kasha pana kama lile limeanza kuelekeza sauti mbele na ukuta unapata kidogo. Kochi nalo likasogea nusu mita. Kilima cha 35 kikakatwa kwa ikwalaiza, na hiyo ndiyo kazi inayoiweza vizuri, kupunguza. Nyongeza zote zikafutwa, chini ya hezi 35 kukawekwa kizuizi, na mipangilio ileile ikanakiliwa kwenye nafasi zote nne za kisanduku.

Mstari bado una mabonde madogo mawili. Mpwa anataka kuyashughulikia. Mjomba amemwambia asubiri arudi chuoni kwanza. Kuhusu kochi, mama amekubali libaki pale lilipo, ila wageni wakija linarudi mahali pake.