Hiari ya Mtu na Meza ya Kamari

Makundi ya wasafiri waendao kuitazama Amerika ya magharibi yana njia yao iliyozoeleka. Hutoka Los Angeles kwa basi, hulivuka jangwa la Mojave, hushuka katika Bonde la Mauti, hulala usiku mmoja au miwili Las Vegas, kisha huenda kulitazama bwawa la Hoover na lile korongo kubwa lililochimbwa na mto Colorado. Kwa siku nne au tano watu ambao jana hawakujuana hula pamoja, husinzia pamoja, na hungojana. Leo twataka kuiangalia safari hiyo, si kwa ajili ya uzuri wa nchi ile, ingawa ni nzuri, bali kwa kuwa yatukumbusha swali ambalo watu wengi hulijibu upesi bila ya kulifikiri. Je, mtu aliyejitia hasarani kwa hiari yake, akiyajua masharti yote, aweza kusema amedhulumiwa? Na wenzake waliokuwa pamoja naye, wana deni gani kwake?

Ndani ya Bonde la Mauti, mahali paitwapo Badwater, ardhi iko mita 86 chini ya usawa wa bahari. Hapana mahali pa chini zaidi katika Amerika ya Kaskazini yote. Ni uwanda wa chumvi nyeupe usio na kivuli. Katika bonde hilohilo, mahali paitwapo Furnace Creek, tarehe 10 Julai 1913 iliandikwa hewa ya joto la sentigredi 56.7, kipimo ambacho hata leo huhesabiwa kuwa kikubwa kupita vyote duniani, ijapokuwa wako wataalamu wanaokitilia shaka. Watu huonywa kwamba katika majira ya joto wasiende kutembea baada ya saa nne asubuhi. Kiongozi wa safari huwahesabu watu wake wakishuka, huwahesabu tena wakipanda, na kumwuliza kila mmoja kama ana maji. Mzee akitaka kwenda mbali peke yake juu ya ile chumvi, kichwa wazi, watamwita. Naye akikataa, hatakosa mtu wa kumfuata na kumshika mkono. Hapana asemaye, "Mwacheni, ni mtu mzima, amechagua mwenyewe." Mzee huyo pengine atarudi basini amenuna, lakini akiisha kunywa maji hatasema kwamba uhuru wake umevunjwa.

Jioni basi huingia Las Vegas. Jina hilo kwa Kispanyola ni malisho, kwa kuwa zamani palikuwa na chemchemi na majani katikati ya ukame, na watu wa kabila la Wapaiute waliyatumia maji hayo muda mrefu kabla reli haijafika. Mwaka 1905 viwanja vilinadiwa kando ya reli, na mji ukaanza. Chemchemi zenyewe zilikauka mwaka 1962, kwa kuwa watu walikuwa wamechota kupita kiasi. Siku hizi kama tisa ya kumi ya maji ya mji hutoka mto Colorado, katika ziwa Mead lililo nyuma ya bwawa, nalo mwaka 2022 lilishuka kuliko wakati wowote tangu lilipojazwa. Hata hivyo, mbele ya hoteli kubwa maji hurushwa juu na kuchezeshwa kwa muziki. Wasafiri hushangaa, hupiga picha. Kiongozi huwapa funguo za vyumba, akasema, "Kesho saa tatu, hapa mlangoni." Usiku huo hapana anayehesabu watu.

Yafaa tuseme kweli juu ya nyumba zile: haziibi. Tuchukue mchezo wa ruleti. Gurudumu la Kimarekani lina vishimo 38, yaani namba 1 mpaka 36, pamoja na sifuri moja na sifuri mbili. Mtu akiweka dola moja juu ya namba moja, ikatoka, hulipwa dola 35 na kurudishiwa ile yake. Basi, aweke dola moja juu ya kila namba: atatoa 38, atapokea 36. Dola mbili zimebaki mezani, na ndizo zinazolipia mataa yote yale. Kwa kila dola 100 zinazowekwa, nyumba, kwa wastani, hubakiwa na dola 5 na senti 26. Hesabu hii si siri. Mtoto wa shule aweza kuifanya. Mwenye nyumba hana haja ya kudanganya mtu. Haja yake ni moja tu: mchezaji asiondoke mapema.

Hapo ndipo penye neno. Katika kumbi zile ni nadra kuona saa ukutani, na madirisha ni haba. Usiku na mchana hufanana. Kule bondeni mtu alipewa maji ili fahamu zisimpotee; hapa, maadamu anacheza, huletewa pombe bila ya malipo.

Atakayezitetea nyumba hizo atatukumbusha kwamba hiari yashinda utumwa. Fedha ni ya mtu, jasho ni lake, masharti ameyasoma. Tena, kama tukianza kuwazuia watu wazima wasijidhuru, tutakomea wapi? Hatulidharau neno hili. Tumewaona watu wengi waliodai kuwalinda wenzao, kumbe wanawatawala. Wala hatusemi kwamba mchezo wa bahati ni uovu kwa asili yake. Mtu aliyetenga dola 20, akazicheza kama angelipa kiingilio cha senema, zikaisha akaenda kulala, hakumkosea mtu, wala hakukosewa.

Lakini hiari si kitu ambacho mtu hukitoa mara moja mlangoni, kikadumu usiku kucha. Aliyekubali saa mbili za jioni alikuwa ameshiba, ana akili timamu, na fedha aliyoweza kuipoteza. Huyu wa saa tisa za usiku anacheza kodi ya nyumba. Je, ni ridhaa ileile? Natasha Dow Schüll, mwanaanthropolojia wa Marekani, alikaa miaka mingi kuwachunguza wacheza mashine za kamari wa Las Vegas, na katika kitabu alichokitoa mwaka 2012 alionyesha jambo la kutisha: wengi waliozama katika mashine hizo hawakuwa wakitafuta ushindi tena. Walitaka tu kuendelea kukaa mle, mahali ambapo saa, deni na nafsi yenyewe husahaulika. Nazo mashine zimeundwa makusudi ziwaweke humo. Anayekidhoofisha kwa ufundi kile kiungo ambacho mwenzake hutumia kukataa, kisha akajitetea kwamba mwenzake hakukataa, ametumia neno hiari kwa namna ambayo hatuwezi kuikubali. Mkopeshaji anayemnywesha mtu kabla ya kumtia saini, sote twamjua jina lake.

Asubuhi basi huenda bwawani, na njia hupita karibu na mji mdogo uitwao Boulder City. Hapa twaomba msomaji atulie kidogo. Mwaka 1931 bunge la jimbo la Nevada lilihalalisha kamari. Mwaka huohuo ujenzi wa bwawa ulianza, na serikali kuu ya Marekani ikajenga mji huu kwa ajili ya wafanyakazi, ikapiga marufuku kamari ndani yake, ikaweka na lango lenye walinzi. Ilikuwa miaka ya dhiki kuu; wanaume wasio na kazi walikuwa wamefika jangwani na wake na watoto wao, wakalala katika mahema. Serikali ilijua mshahara wa mtu kama huyo ungekuwaje akifika mezani kabla ya kufika nyumbani. Kazi ile ilikuwa ya hatari: hesabu rasmi ya waliokufa ni watu 96. Bwawa likazinduliwa mwaka 1935.

Tusiusifu mji ule kupita kiasi. Serikali ilitaka bwawa liishe, wala si mapendo matupu yaliyoijenga Boulder City; na wafanyakazi weusi, wachache walioajiriwa, hawakuruhusiwa kuishi humo. Ulinzi ulikuwa wa wenye rangi moja, na lililo jema halikosi kutiwa doa namna hii. Tena siku ya mshahara wengi walitoka langoni wakaenda Las Vegas. Lakini serikali ilipoondoka, na wenyeji wakawa na mamlaka ya mji wao tangu 1960, marufuku waliishika wenyewe, nao huishika hata leo, kilometa kama 40 tu kutoka kwenye mataa yale. Hao nao ni watu wenye hiari. Waliitumia pamoja, mchana, vichwa vikiwa baridi, kujiwekea mpaka ambao kila mmoja alijua asingeweza kuushika peke yake usiku.

Nasi wa Afrika ya Mashariki hatuna nafasi ya kuyatazama haya kama mambo ya ng'ambo. Kule Nevada mtu alilazimika kulivuka jangwa ili aifikie meza. Huku kijana hubashiri mpira wa Ulaya kwa simu, kitandani, fedha ikitoka katika simu hiyohiyo ambayo mama yake humtumia karo. Hana kundi, hana kiongozi wa kumhesabu, hana hata mlango wa kutokea.

Turudi Las Vegas, saa tatu asubuhi. Wasafiri wamesimama mlangoni na masanduku yao. Kiongozi anahesabu: arobaini, wote wapo. Yule mzee wa jana amekaa karibu na dirisha, macho mekundu, mkono juu ya mfuko wa koti. Jirani yake, aliyemshika mkono kule kwenye chumvi, anamtazama, anafungua kinywa, kisha anamwuliza kama amelala vizuri. Basi linaondoka.