Mgeni Anapoomba Kidole Chako



Leo tuongee jambo ambalo wengi wetu hatulipeleki kwenye kitubio, kwa sababu halina hata sura ya dhambi: kumsajilia mgeni laini ya simu kwa kidole chako.

Sisi wa Morogoro tunapata wageni wa kila aina. Wapo wanaokuja kusoma vyuoni, wapo wanaojitolea parokiani, wapo wanaotaka kupanda Uluguru hadi Bondwa, kule kilele chenye minara kinachoonekana ukiwa mjini. Mgeni akishuka tu kwenye basi, swali la kwanza ni intaneti. Wala hana ubaya. Anataka kumwambia mama yake kwamba amefika salama. Ndipo mwenyeji anaruka: "Aah, usihangaike, nakusajilia kwa NIDA yangu, dakika tano tu."

Je, huo ni ukarimu, au ni ushahidi wa uongo?

Tuanze na hali ilivyo. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini kwetu Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa Januari 2020. Mtanzania anatumia namba yake ya NIDA na kidole. Mgeni anayetembelea nchi anatumia pasipoti yake. Kwa hiyo mgeni hajafungiwa mlango. Anao mlango wake, ila uko mbali kidogo: inabidi aende mwenyewe, na pasipoti mkononi, kwenye duka la kampuni ya simu. Wakala wa chini ya mwavuli huenda asiweze kumhudumia, na akishapanda gari la Mgeta au Matombo atakuwa ameliacha duka mjini.

Sasa fikiria kidole chako kinasema nini pale kwa wakala. Swali ni moja: laini hii ni ya nani? Kidole kinajibu: ni yangu. Amri ya nane haikatazi uongo wa mdomo peke yake. Mwili nao unasema, na siku hizi kidole kinasema kwa nguvu kuliko sahihi.

Najua utaniambia, "Lakini mgeni mwenyewe ni mtu mwema, tena mcha Mungu." Nakubali kabisa. Ila wema wake hauiongozi laini akishaondoka. Ataiacha kwenye droo ya gesti, au atampa dereva, au itaanguka njiani. Yeye yuko ndegeni, jina lako limebaki linatembea mitaani. Zile meseji tunazozijua wote, za "ile hela itume kwenye namba hii", zikitoka kwenye laini hiyo, atakayetafutwa kwanza ni wewe. Na anayelia upande wa pili ni bibi wa watu aliyetuma hela ya mbolea.

Halafu kuna jambo tunalosahau: hata mgeni unamweka pabaya. Pesa atakayoweka kwenye simu iko kwenye akaunti yenye jina lako. Laini ikipotea, hawezi kuirudisha bila wewe kuwepo. Umempa nyumba ambayo ufunguo wake ni kidole chako. Kwa kweli hapo hujamkaribisha, umemfunga kwako.

Maandiko yanalijua jambo hili. Kitabu cha Mithali, sura ya 6, kinamwonya kijana aliyejifunga kwa kumdhamini mtu mwingine, kimwambie akajinasue upesi kabla hata ya kulala. Lakini Maandiko hayohayo yanatuonyesha Paulo akimwandikia Filemoni kwamba deni la Onesimo liandikwe kwake. Tofauti iko wapi? Paulo alimjua Onesimo, alisema wazi anabeba deni la nani, na aliyeandikiwa aliujua ukweli wote. Kumsimamia mtu waziwazi ni upendo. Kujifanya wewe ndiye yeye ni kitu kingine.

Hata wazee wa Uluguru walilielewa hili. Ardhi ilikuwa ya ukoo, na ukoo unafuata upande wa mama. Mtu wa nje akiazimwa shamba alilima, akala, akatoa ngoto, zawadi ya kukiri kwamba ardhi ni ya wenyewe. Hakuna aliyedanganya kwamba mgeni ni mwana ukoo. Alipokelewa kama mgeni, kwa jina lake, na akashiba.

Kwa maoni yangu, tatizo letu hapa ni uvivu uliovaa nguo za ukarimu. Kidole kinachukua dakika tano. Kumsindikiza mgeni dukani kunachukua asubuhi nzima, foleni na jua juu. Ibrahimu pale Mamre hakuwapa wageni wake njia ya mkato. Alikimbia, akachagua ndama, mkewe akakanda unga, akasimama karibu nao wakila. Aliwapa muda wake.

Basi tufanye hivi. Mgeni akifika, mwashie hotspoti azungumze na nyumbani kwao, wewe ukiwa hapohapo. Kesho yake mpeleke dukani na pasipoti yake, umtafsirie, msubiri pamoja. Na wewe mwenyewe leo piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda ukaifute. Meseji ya utapeli ikikufikia, itume kwenda 15040.

Tusali: Ee Bwana, uliyetujua kwa majina tangu ubatizo wetu, utufundishe kumpokea mgeni kwa mikono miwili na kwa ukweli. Amina.