Kicheko cha Mtazamaji Mbele ya Uhalifu

Katika Kind Hearts and Coronets, filamu ya Uingereza ya mwaka 1949 iliyoongozwa na Robert Hamer, kijana mtanashati anawaua jamaa zake ili arithi cheo cha kikabaila, naye mtazamaji hucheka. Aristotle alifundisha kwamba komedia, yaani mchezo wa kuchekesha, huhusu kasoro isiyoleta maumivu; na Alec Guinness, kwa kuigiza watu wanane wa ukoo huo, huwafanya wafu waonekane vinyago, hata maumivu yao yasihisike. Toleo la Marekani liliongezewa mwisho unaoonyesha maungamo ya muuaji yakigunduliwa, lakini nyongeza hiyo humhukumu mhusika tu, ilhali swali la kimaadili, yaani la wema na ubaya, humkabili mtazamaji, ambaye kicheko chake hakimdhulumu yeyote mradi asizoee kuwatazama walio hai kwa jicho hilohilo.