Mandhari na Nadhari

Maneno mawili ya Kiswahili, mandhari na nadhari, yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kutazama. Mandhari ni kile kinachotazamwa: bonde, msitu, bahari wakati jua linapokuchwa. Nadhari ni namna ya kutazama: kuzingatia, kulitia jambo akilini kabla ya kulihukumu. Udugu wa maneno haya unazua swali ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, ni dogo mno kustahili insha. Mtu anayekimbia kwa ajili ya afya au burudani, akachagua njia kwa uzuri wa mandhari yake, je, amefuata ladha yake tu, kama apendaye chai ya tangawizi kuliko ya mdalasini? Au uchaguzi huo una deni la kimaadili ndani yake?

Swali hili hujadilika vizuri zaidi likiwekwa mahali mahususi. Highview ni eneo la kusini-mashariki mwa Louisville, jimboni Kentucky, lililoingia rasmi katika jiji hilo mwaka 2003, serikali ya jiji ilipounganishwa na ile ya kaunti ya Jefferson. Mkaazi wa hapo apendaye kukimbia ana pa kuchagua. Upande wa mashariki ziko bustani za Parklands, zilizotandazwa kandokando ya kijito cha Floyds Fork, zenye njia zinazopinda kati ya malisho na miti. Upande wa magharibi upo mlima wa Iroquois Park, bustani iliyosanifiwa na Frederick Law Olmsted kuanzia mwaka 1891. Ukifika juu, unaliona jiji limetandazwa chini yako. Mbele zaidi, kusini-magharibi, kuna Jefferson Memorial Forest, msitu wa ekari zaidi ya 6,000 wenye vilima vikali na njia za udongo. Anayechagua hupima mwinuko, kivuli, ulaini wa ardhi chini ya nyayo, na kile kitakachoonekana atakapofika juu akitweta.

Wako watakaosema kwamba hapa maadili hayana kazi. Uzuri wa bonde haupungui kwa kutazamwa. Anayetazama hamnyang'anyi mtu kitu; akiondoka, bonde linabaki kama lilivyokuwa. Hoja hii ina nguvu, na haifai kuipuuza kwa haraka ya kutafuta hatia katika kila furaha. Mwenye mwili mzima na saa moja ya mapumziko hatendi dhambi kwa kuipeleka saa hiyo kwenye vilima.

Lakini hoja hiyo inasahau jambo moja kuhusu neno "nzuri". Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu, alitofautisha kipendezacho na kilicho kizuri. Nikisema chai ya tangawizi inanipendeza, nimejisemea mwenyewe. Nikisema njia hii ni nzuri, nimedai zaidi: kwamba yeyote atakayesimama niliposimama anapaswa kukubaliana nami. Hukumu ya uzuri, kwa maoni yake, huita watu wote. Tukiukubali uchambuzi huo, hatua inayofuata ni yetu wenyewe. Anayeisifu njia kwa uzuri wake amekwisha kuwaalika wengine, hata kama hakukusudia. Na mwaliko una masharti yake ya adabu: huwezi kumwita mtu karamuni ilhali unajua mlango umefungwa kwa ajili yake.

Katika mlima wa Iroquois mlango ulifungwa kweli. Mwaka 1924 mamlaka ya bustani za Louisville iliamua kuwatenganisha watu kwa rangi. Weusi walibakiziwa Chickasaw Park, bustani ya tambarare kando ya mto Ohio, nayo pia ni kazi ya akina Olmsted. Mlima wenye kuliona jiji zima ukawa wa weupe. Mwaka 1954 kesi iliyohusu ukumbi wa wazi wa maonyesho uliomo ndani ya Iroquois Park ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka uliofuata ubaguzi huo wa bustani ukakomeshwa. Katika miaka hiyohiyo kijana wa Louisville aliyezaliwa mwaka 1942, ambaye dunia ingemjua kwa jina la Muhammad Ali, alikuwa akijifunza ngumi na kukimbia katika Chickasaw. Chickasaw haikosi uzuri wake, na waliopewa waliipenda. Hata hivyo, kupenda ulichopangiwa si sawa na kuchagua. Mtu mweupe aliyepanda Iroquois mwaka 1940 na kusema "hapa pazuri" alitamka hukumu inayowaita watu wote mahali ambapo baadhi yao wangefukuzwa. Macho yake yalikuwa mazima. Kilichokosekana ni nadhari.

Itasemwa kwamba hayo yamepita. Sheria imepita, lakini usawa wa kutazama haujakamilika. Tarehe 23 Februari 2020, katika mtaa wa Satilla Shores jimboni Georgia, Ahmaud Arbery, kijana mweusi wa miaka 25, alikuwa akikimbia barabarani mchana. Wanaume watatu weupe walimfuatia kwa magari, na mmoja wao akampiga risasi akafa. Mahakama iliwatia wote watatu hatiani kwa mauaji mwezi Novemba 2021. Tangu hapo, na kwa wengi tangu zamani, mkimbiaji mweusi anayechagua njia tulivu ya mashambani huuliza swali ambalo jirani yake huenda hakuwahi kuliuliza: nyumba zile zilizo mbalimbali, zinazoipa njia utulivu wake, zitanionaje? Mwanamke anayetaka kukimbia alfajiri chini ya miti huuliza la kwake. Upweke wa msitu, ambao kwa mmoja ndio kiini cha uzuri, kwa mwingine ni sababu ya kurudi kwenye barabara yenye taa na kelele. Anayeweza kuitazama mandhari bila kujiuliza nani anamtazama amepewa kitu ambacho hakukifanyia kazi.

Lugha yetu inaturuhusu kulisogeza jambo hili hatua moja zaidi. Kutoka katika kitenzi kimoja, kukimbia, tumepata mkimbiaji na mkimbizi. Louisville, Columbus na Buffalo ni miongoni mwa miji ya Marekani iliyopokea wakimbizi wengi, wakiwemo Wakongo na Wasomali. Mkimbizi naye alichagua njia kwenye milima. Aliyetoka Kivu alikwenda kwa miguu katika vilima ambavyo mpiga picha angevisifu, lakini alivipima kwa kipimo kingine: wapi pana mahali pa kujificha, wapi pana kizuizi cha wenye silaha, wapi mtoto mgongoni atasikika akilia. Mtu huyo akihamia karibu na Highview, na mfanyakazi mwenzake akamwambia kwamba msitu wa jirani una vilima vizuri vya kukimbilia, hawakusikia neno "vilima" kwa sikio moja. Huenda siku moja ataupenda msitu ule. Huenda asitake kuuona. Hana kasoro ya ladha. Anayajua mambo ambayo vilima vinaweza kuficha.

Tusidhani kwamba tukirudi nyumbani tutaukuta uzuri usio na deni. Iten, nchini Kenya, iko kwenye ukingo wa bonde la Kerio, mita kama 2,400 juu ya usawa wa bahari, na wageni huenda huko kukimbia huku wakistaajabia bonde lile. Lakini njia zile nyekundu ni njia za watoto waendao shule, za ng'ombe, za mwanamke aliyebeba kuni. Kwa mwanariadha wa hapo kilima ni kazi: Wesley Korir, aliyesoma Chuo Kikuu cha Louisville, akashinda mbio za Boston mwaka 2012 na kuwa mbunge wa Cherangany mwaka 2013, hakupanda miinuko ya Kenya wala ya Kentucky kwa kutafuta picha. Anayekuja kutazama hupita katikati ya watu ambao kwao mandhari ni mahali pa kuishi. Mwenyeji hawezi kulazimishwa kustaajabu, wala mgeni hana haki ya kuudhika kwa sababu ng'ombe wamemkatiza mwendo.

Nini basi kinadaiwa? Mafundisho ya Kiislamu, yaliyoulea mwambao wetu kwa karne nyingi, yanaizungumzia haki ya njia. Mtume aliwaambia wanaokaa njiani waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Agizo hilo liliwahusu wakaao, na mkimbiaji ni mpitaji. Lakini mpitaji naye anaitumia njia, na haki hizo zinamfaa kwa kiasi cha kushangaza. La kwanza lingeonekana kumpinga, kwa kuwa yeye amekuja kutazama. Ila kuinamisha macho si kuyafumba. Ni kukumbuka kwamba dirisha la mtu, shamba lake na uchovu wake si sehemu ya maonyesho. Salamu inamtoa mwenyeji katika picha na kumrudisha kuwa mtu. Na kukataza mabaya ndiko kunakogusa hukumu ya uzuri yenyewe: anayeisifu njia kuwa nzuri na kuwaalika wengine anawajibika kusema neno pale mwingine anapozuiwa, kutishwa au kuulizwa anafanya nini hapa.

Kwa hiyo katika kuchagua njia za Highview sipendekezi mtu yeyote aache vilima kwa ajili ya barabara ya magari ili aonyeshe huruma. Toba ya namna hiyo haimfungulii mtu mlango. Napendekeza swali moja liongezwe kwenye yale ya mwinuko na kivuli: ni nani katika jirani zangu asiyeweza kuipita njia hii kwa amani niliyo nayo mimi, na kwa nini? Wakati mwingine jibu litakuwa nje ya uwezo wetu. Mara nyingi litakuwa dogo na la kutendeka: kumsindikiza mwenzako asiyependa kwenda peke yake, kumsalimu mgeni kabla hajalazimika kujieleza, kuhudhuria mkutano ambapo jiji linaamua basi lifike wapi na taa ziwekwe wapi. Iroquois ya leo ni mlima uleule wa mwaka 1940, kwa miti na mwinuko. Kinachoitenganisha na ile ya zamani ni idadi ya watu wanaoweza kupanda hadi juu wakasema, bila kumdanganya mtu, kwamba hapa pazuri.